Kuandika Bokoboko ya Bibi: Vipimo, Mkono na Masimulizi

Mpishi mkongwe wa Unguja ukimuuliza bokoboko hupikwaje, huenda akakujibu kwa maneno machache: ngano iliyokobolewa hurowekwa usiku kucha, huchemshwa na nyama hadi nyama ichambuke, kisha husongwa kwa mwiko hadi ivutike. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi, kwa kuwa mengi mkono wake umeyazoea hata yeye mwenyewe hayaoni tena. Kwa hiyo omba siku ambayo anapika kweli, fika kabla ngano haijarowekwa, na umweleze mapema maandishi yako utayafanyia nini. Ikiwa anaishi kwa kuuza chakula hicho, ana haki ya kukunyima baadhi ya mambo.

Kazi ngumu ni vipimo. Usimsimamishe kila anapochota, maana mkono ukikatizwa hubadilika. Pima bakuli la ngano, kopo la samli na chombo cha chumvi kabla hajaanza, kisha uvipime tena akimaliza. Kilichopungua ndicho alichotumia. Akitaja kibaba, usikigeuze kuwa gramu kwa kukisia, kwani kujua kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja hakukuambii kopo analolitumia yeye linachukua kiasi gani: lijaze ngano ileile, uipime kwenye mizani, na uandike vipimo vyote viwili. Muda nao uuandike pamoja na dalili zake, kwa sababu saa tatu za kuni si saa tatu za gesi, lakini bokoboko iliyoiva huvutika ikifuata mwiko unapoinuliwa, jiko liwe lolote. Akisema "kusonga", andika kusonga. "Kuchanganya" ni kitendo kingine.

Masimulizi huja yenyewe wakati wa kusonga, kazi ndefu inayompa mtu nafasi ya kukumbuka. Kwa idhini yake, rekodi sauti kwa simu, na uulize mambo yanayoshikika: nani alimkabidhi mwiko mara ya kwanza, bokoboko ilipikwa katika harusi ya nani, ngano ilipoadimika walitumia nini. Swali la asili ya chakula liache mwisho. Simulizi ya familia iandike kama ilivyosemwa, na historia inayojulikana uiweke kando yake bila kuisahihisha kwayo. Kwa mfano, bokoboko ni ndugu wa harisi ya Uarabuni, ambayo mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika kwa jina la Falme za Kiarabu, Omani na Saudi Arabia. Ukiwa na jamaa Maskati, waombe nao waandike yao, na usizichanganye hizo mbili kuwa moja. Naona hapa ndipo wakusanyaji wengi wanapokosea: wanapotafuta bokoboko moja iliyo "halisi", huzifuta za nyumba nyingine zote.

Ukimaliza kuandika, mpe jamaa nakala aiweke kwake, kisha upike peke yako ukifuata karatasi tu, na umpelekee bibi sahani. Akisema haikusongwa ikatosha, au samli imewahi mno, andika maneno yake pembeni kwa wino wa rangi nyingine pamoja na tarehe, urekebishe na ile nakala ya pili, na upike tena.