Fildi ya mwaka wa tatu Marekani: hesabu miezi kabla hujasaini

Kozi nyingi za uzamili za uhifadhi wa kazi za sanaa Marekani, kama ile ya Winterthur na Chuo Kikuu cha Delaware, hukutoa maabara mwaka wa tatu ukakae makumbusho. Kuandika wasifu na barua sikufundishi. Potfolio nayo, peleka kazi chache zenye picha za kabla, wakati na baada. Mimi nilipeleka kumi na moja. Wakanihoji dakika ishirini juu ya kona moja ya fremu, rangi imebanduka kama ganda la kitunguu. Kumi zilizobaki hakuna aliyezigusa.

Balaa liko kwenye tarehe. Kwa mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, kibali cha fildi ni CPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi iliyo sehemu ya masomo, na kinatolewa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapohapo chuoni. Lakini ukitimiza miezi 12 ya CPT ya kutwa, yaani zaidi ya saa 20 kwa wiki, kibali kingine, OPT, cha ngazi hiyo ya masomo umekipoteza, na hicho ndicho cha kufanyia kazi ukishahitimu. CPT ya kutwa uliyofanya likizo ya kiangazi nayo inajumlishwa.

Barua ya makumbusho ya kunipokea ilisema Septemba 1 hadi Agosti 31, yaani miezi 12 kamili. Mimi nachekelea posho tu. Aliyeshtuka ni mwenzangu wa darasani; ofisini walikuwa wameshaipokea na tabasamu. Kurekebisha mstari mmoja kulichukua wiki tano: msimamizi anasubiri utumishi, utumishi wako likizo. Nikaanza nimechelewa wiki tatu, wiki zisizo na posho, na kodi ya nyumba nimeshalipa.

Kwa hiyo waombe makumbusho wanaokupokea mapema waandike miezi 11, wataje anwani, saa za wiki, siku ya kuanza na ya kumaliza. Mkuu wa kozi akishathibitisha, utapewa I-20 mpya, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni. Fungua ukurasa wa pili, soma jina la mwajiri na tarehe herufi kwa herufi. Kabla ya siku ya kuanza iliyoandikwa humo usishike hata pamba ya kusafishia, hata wakikuita "kuzoea mazingira" tu.

Kama huna namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, nenda ofisi yao na pasipoti, I-94 (rekodi ya kuingia nchini), I-20 hiyo na barua ya makumbusho, ila usiende zikiwa zimebaki zaidi ya siku 30 uanze kazi. Mimi nilikwenda zikiwa 34. Nilikaa foleni saa mbili. Mama wa dirishani akahesabu kwa kalamu kwenye kalenda ya mezani, akanirudishia bahasha yangu.