Mahindi Kuota Yakiwa Bado Shambani: Chagua Mbegu kwa Ganda

Masika yakichelewa kukatika, mkulima wa Likoni, Mtongwe au Mwakirunge, hapa Mombasa, humenya hindi lililoonekana zima akakuta punje za nchani zimetoa vimizizi vyeupe. Lawama zote hupewa mvua. Mara nyingi mkosaji ni ganda.

Punje hukomaa ikiwa bado na unyevu wa asilimia 30 hadi 35. Ing'oe, ukwaruze kitako chake kwa ukucha: ukiona alama nyeusi, imekomaa. Kwa unyevu huo, maji kidogo yakituama ndani siku chache yanatosha kuamsha kiini. Hindi lililosimama na ncha wazi hukinga maji kama kikombe.

Wazalishaji wa mbegu za shayiri ya bia wana mtihani mgumu zaidi: punje isiote shambani, lakini ikifika kiwandani iote upesi na kwa pamoja, maana kinachotakiwa ni kimea. Sisi wa mahindi tunahitaji paa tu, yaani ganda linalofunika ncha.

Basi usichague mbegu uani baada ya kumenya. Hapo maganda yameshatupwa. Ingia safu za ndani mahindi yakiwa yamesimama, na kamba mkononi. Finya ncha: maganda yazipite punje kwa upana wa vidole viwili au vitatu, yabane, kidole kisipenye. Hindi liwe limeinamisha kichwa. Funga kamba mimea kama 200. Ukichukua michache mno, kizazi hudhoofika. Lenye hata punje moja iliyoota, liache.

Hayo ni kwa mbegu za kienyeji na Coast Composite, aina ya Pwani isiyo chotara. Chotara kama PH4 (Pwani Hybrid 4), ambayo ganda lake hufunika vizuri, nunua upya kila msimu.

Aina nyingine ya mahindi kwa jirani ikiwa chini ya mita 200, chavua yake itaingia kwako. Wewe na jirani mpishane kupanda kwa wiki nne. Hata hivyo unamchagua mama tu, baba humjui, kwa hiyo mabadiliko huja taratibu, msimu baada ya msimu.

Kwa mahindi yaliyoko shambani sasa, alama nyeusi ikitokea na mvua ingalipo, kunja bua chini ya hindi ncha itazame ardhi. Au vuna, menya, uanike chini ya paa bila kurundika, hadi unyevu ushuke asilimia 13. Tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, utikise: chumvi ikiganda kwenye kioo, endelea kuanika. Yaliyoota na kushika kuvu usiwape hata kuku. Sumukuvu haionekani kwa macho.