Meneja wa gesti Lamu, tumia kwanza ulichonacho

Nawaambia nyinyi mameneja wa gesti hapa Lamu na Shela, maana kila nikikaa na meneja wimbo ni bosi hatoi pesa, na huku stoo imejaa vitu havijulikani na boti imefungwa tangu asubuhi haina kazi. Anza na daftari. Wiki moja andika kila kilichokaa bure na kwa nini: boti, mashine ya kufulia, chumba, hata mtu. Usiandike kutoka kichwani, zunguka uone.

Usafiri ndio unaokula pesa jamani. Mzigo washuka kwenye lori Mokowe, kule bara, wapanda boti, wafika gatini, wabebwa na punda mpaka mlangoni, na kila hatua kuna mtu alipwa. Sasa ukiagiza mchele Jumatatu, gesi Jumanne, soda Alhamisi, umelipia njia ile ile mara tatu! Ongea na majirani, gesti mbili tatu oda zenu ziende siku moja boti moja, mgawane kulingana na mzigo, na mkubaliane mapema nani alipa nini maana hapo ndipo ugomvi huanzia. Na angalia maji kabla ya kupanga saa, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yakitoka boti inabaki mbali na wapagazi wanakungoja wewe.

Maji ya bomba nayo. Haya tunayooga yatoka chini ya michanga ya Shela, kwa hivyo choo kinachovuja si bili yako tu. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usiflashi, ngoja kama dakika 20 hivi, ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli la choo basi ile raba ya ndani imekwisha, na raba ni bei ndogo sana ukilinganisha na pampu inayopandisha maji darini mchana kutwa. Pima vyumba vyote, hata visivyo na mgeni.

Halafu waulize watu wako. Dada anayetandika vitanda ajua shuka gani hazitumiki, wewe hujui.

Masika ikiingia, Aprili mpaka Juni wageni wachache, usikimbilie kufukuza watu. Panga kazi za ndani, kupaka chokaa, kukarabati vitanda, na makuti yanunue mapema kabla mvua haijaanza. Kila kazi iwe na mwenyewe na siku ya kumaliza. Likizo pia zitoe miezi hiyo, Desemba utahitaji kila mkono.