Ripoti ya Access inapokokota: hesabu kwanza inauliza mara ngapi

Kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, kila mwanachama hupewa taarifa yake kabla ya mkutano mkuu. Mwaka niliokabidhiwa kazi hiyo, ripoti ya Access, programu ya Microsoft ya kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu kwenye kompyuta), ilichukua dakika 40. Mzee mmoja alingoja kwenye benchi mpaka jua likamfikia miguuni, akaniuliza, "Binti, bado inatafuta?" Kweli ilikuwa bado inatafuta. Nikajiuliza: inatafuta nini, na mara ngapi?

Tuna wanachama 1,200. Ripoti mama ilibeba ripoti ndogo tatu: akiba, mikopo na hisa. Ripoti ndogo ikikaa kwenye sehemu inayojirudia kwa kila mwanachama, nayo huiuliza kanzidata upya kwa kila mwanachama. Hayo ni maswali 3,600. Hata swali la nusu sekunde hapo linakula nusu saa.

Nakili faili lako, kisha kwenye nakala ondoa ripoti ndogo moja moja huku ukipima muda kwa simu. Kwangu mla muda mkubwa alikuwa akiba, na sababu ilikuwa namba ya mwanachama. Kwenye jedwali la wanachama ilihifadhiwa kama tarakimu, 47. Kwenye miamala ilikuwa maandishi, "0047". Ili zikutane, kwiri, yaani swali lililoandikwa kwa kanzidata, iliipitisha ile ya miamala kwenye Val(), amri inayogeuza maandishi kuwa tarakimu. Namba ikishafunikwa hivyo, indeksi yake (orodha iliyopangwa ya kutafutia haraka) haina kazi tena, na Access inalazimika kusoma miamala yote kwa ajili ya mtu mmoja. Nilifanya zote mbili kuwa tarakimu, nikaweka indeksi upande wa miamala, nikafuta Val(). Dakika 40 zikashuka hadi 14.

Hisa ilionyesha jumla tu. Ripoti ndogo kwa ajili ya namba moja ni gharama ya bure, na usiibadilishe kwa DSum, amri ya kujumlisha, maana nayo huuliza upya kwa kila mstari. Hesabu wote kwa mpigo:

SELECT NambaMwanachama, Sum(Kiasi) AS JumlaHisa
FROM Hisa
GROUP BY NambaMwanachama;

Kisha iunganishe na jedwali la wanachama kwa LEFT JOIN, inayobakiza wanachama wote, la sivyo asiye na hisa atatoweka kwenye ripoti.

Akiba na mikopo ndiko kwenye mtego. Ukiziunganisha zote mbili na mwanachama ndani ya kwiri moja, mtu aliyeweka akiba mara 12 na kurejesha mkopo mara 3 atapata mistari 36. Akiba yake itahesabiwa mara tatu, marejesho yake mara kumi na mbili. Ripoti itakuwa ya haraka na ya uongo, na hizi ni fedha za watu. Zipange moja chini ya nyingine kwa UNION ALL, ukiongeza safu ya Aina yenye neno 'Akiba' au 'Mkopo', halafu ripoti igawe makundi kwa mwanachama, kisha kwa Aina. Usisahau hilo ALL: UNION peke yake hufuta mistari inayofanana, na mama aliyeweka 20,000 asubuhi na 20,000 jioni anaweza kupoteza moja. Kama ripoti ni ya kipindi fulani, sharti la tarehe liandike ndani ya kila kipande cha kwiri.

Niliondoa pia "Ukurasa 1 wa 1,200" chini ya karatasi. Ili ijue idadi ya kurasa, Access hupanga ripoti nzima kabla ya kukuonyesha ukurasa wa kwanza. Namba ya ukurasa peke yake inatosha.

Sasa yote hutoka kwa chini ya dakika mbili. Lakini ripoti ya zamani usiifute bado. Toa zote mbili, ulinganishe jumla za wanachama watano: mmoja asiye na mkopo, mmoja asiye na hisa, mmoja aliyeweka kiasi kilekile mara mbili siku moja, na wawili wenye miamala mingi kuliko wote.