Kitazamio cha Olympus OM-1 Kikiwa na Giza au Madoa: Jinsi ya Kuitafuta Kasoro

Olympus OM-1, kamera ya filamu iliyoingia sokoni mwaka 1972 kwa jina la M-1 na kubadilishwa jina mwaka uliofuata, ilisifiwa kwa kitazamio chake kikubwa kinachoonyesha asilimia 97 ya eneo la picha. Anayeinunua leo na kukuta giza au madoa hushtuka, ingawa mara nyingi kamera yenyewe ni nzima. Mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama, hupanda hadi kwenye skrini ya kufokasi (bamba ambapo taswira hutokea ili uilenge iwe kali), kisha prizimu huuelekeza jichoni. Unapofyatua, kioo huinuka na mwanga huiendea filamu moja kwa moja, kwa hiyo uchafu wa kioo, wa skrini au wa prizimu hautokei kwenye picha. Uchafu wa lenzi ndio unaoweza kuiharibu.

Ikiwa kitazamio ni cheusi kabisa, angalia kwanza kifuniko cha lenzi (hata wazoefu hukisahau), kisha kitasa kidogo kilicho pembeni mwa kinywa cha lenzi (mahali lenzi inapofungwa kwenye kamera), ambacho kazi yake ni kukiinua kioo na kukizuia juu. Wengi hukizungusha bila kujua, wakaipeleka kamera kwa fundi bure. Kama kitasa kiko mahali pake na kioo bado kimeganda juu, jaribu kuvuta mkono wa kusogezea filamu hadi mwisho, ukikataa, usiulazimishe.

Giza la nusunusu hutokana zaidi na lenzi. Itoe, uitazame kwenye mwanga: mabawa ya tundu lake (vipande vyembamba vinavyopunguza au kuongeza mwanga) yakiwa yamelowa mafuta, hubaki yamejibana badala ya kufunguka. Hapo pia utaona kuvu, yenye umbo la nyuzi za buibui, ambayo huupenda mno unyevu wa mwambao kama Mombasa au Unguja.

Madoa yanahitaji subira zaidi. Yakitoweka ulipoondoa lenzi, yalikuwa ndani yake. Yakibaki na yakawa na kingo kali, yako kwenye skrini, kwa kuwa hapo ndipo jicho lako linapofokasi. Vumbi la kwenye kioo huonekana kwa ukungu tu au halionekani kabisa. Chembe nyeusi za kunata kwa kawaida ni mabaki ya sponji ya kupokea kioo kinapopanda, ambayo baada ya miaka mingi hugeuka kama lami. Skrini ya OM-1 hutolewa kupitia kinywa cha lenzi: vuta kwa kibanio kile kishikizo kidogo kilicho juu kwa mbele, nayo itashuka na fremu yake. Ipulize kwa pampu ya mkono, si kwa mdomo, maana mate huacha alama. Usiisugue wala kuipaka spiriti, kwani ni plastiki yenye mifereji midogo sana. Kioo nacho kimepakwa fedha upande wa juu, na alama ya kidole ikifutwa kwa nguvu huondoka na fedha hiyo.

Mstari wa kahawia au mabaka meusi yasiyosogea hata skrini ikitolewa ni ugonjwa maarufu wa kamera hii: sponji iliyowekwa juu ya prizimu huoza na kuila fedha yake. Hausafishiki. Kwa maoni yangu, kama unaona vya kutosha kufokasi, endelea kupiga picha hivyohivyo. Ikikuudhi, mwachie fundi aweke prizimu nzima kutoka kamera ya OM iliyokufa.

Ukishairudisha skrini, funga lenzi, ielekeze kwenye kitu cha mbali sana kama mwezi au mnara, na uzungushe pete ya kufokasi hadi alama ya mwisho ya umbali (∞). Taswira isipokuwa kali, skrini haijakaa sawasawa au kioo kimehama. Hii ndiyo kasoro ya kitazamio inayofika kwenye filamu, kwa sababu utafokasi mahali pasipo sahihi, na marekebisho ya pembe ya kioo yanahitaji fundi mwenye vipimo.