Kabla hujawasha detekta kutafuta dhahabu

Betri zijae, maji yatoshe, kofia iwe kichwani, na mtu wa nyumbani ajue umeelekea wapi. Viatu vyenye chuma mbele viache, koili, yaani sahani ya chini ya detekta inayohisi metali, itavisikia kila hatua. Simu izime au iweke mbali na mashine.

Kuhusu mashine yenyewe, jua udongo wako kwanza. Detekta za VLF, yaani za mawimbi ya masafa ya chini sana, ni nyepesi na huhisi vipunje vidogo, lakini kwenye udongo wenye chuma kingi hupiga kelele hovyo. Za mapigo, yaani PI, huvumilia udongo huo na kwenda chini zaidi, ila nyingi ni dhaifu katika kutenganisha msumari na dhahabu. Yoyote utakayoshika, isawazishe na ardhi kabla ya kuanza, yaani irekebishe isilie kwa sababu ya udongo wenyewe, na urudie hivyo kila rangi ya udongo inapobadilika. Pitisha koili polepole, karibu na ardhi. Na tafadhali, usiwashe kichujio cha takataka: kipande kidogo cha dhahabu hulia kama karatasi ya aluminiamu au risasi ya bunduki, kwa hiyo ukinyamazisha kimoja umenyamazisha vyote. Chimba kila mlio. Dhahabu ya vumbi usiihesabu kabisa, hiyo ni kazi ya karai na maji.

Utasimuliwa habari za Hand of Faith, pande la kilo 27 lililopatikana kwa detekta huko Victoria, Australia, mwaka 1980. Ni kweli. Wewe jiandae kwa misumari na vizibo vya chupa.

Sasa ruhusa, na hapa usisome harakaharaka. Maswali ni mawili: ardhi ni ya nani, na madini yaliyomo ni ya nani. Katika nchi nyingi madini ni mali ya dola hata kama shamba ni lako, na kuna mahali ambapo kukutwa na dhahabu ghafi bila karatasi ni kosa. Uliza ofisi ya madini kabla hujanunua hata betri.

Jamaa mmoja tuliyekuwa tukitafuta dhahabu pamoja aliruhusiwa na mwenye shamba kwa mdomo tu, wamesimama kwenye uzio. Alipokuwa akiokota misumari, hakuna aliyemjali. Siku aliyotoa kipande cha ukubwa wa harage, mwenye shamba akadai nusu. Ndugu yake, waliyerithi naye shamba hilo, akasema yeye hakuulizwa. Jirani naye akaja na hoja kwamba shimo liko upande wake wa mpaka. Wakafika polisi, mashine ikachukuliwa kama kielelezo, na ilipokuja kurudi koili ilikuwa imepasuka. Thamani ya kipande chenyewe haikufika hata nusu ya bei ya mashine. Undugu wa wale wawili sijui kama ulipona.

Kwa hiyo andikeni: wamiliki wote kwa majina, mipaka, siku za kuingia, mgawanyo, nani anafukia mashimo, na nani anakaa na dhahabu mpaka ipimwe. Wasaini kabla mashine haijawashwa, wakati kila mtu bado ana tabasamu.

Mengine yote ni hadhari. Mashimo ya wachimbaji wa zamani usiyaingie wala usisimame ukingoni, kingo humomonyoka na hewa ya chini inaweza kukuua kimyakimya. Donge la rangi ya fedha karibu na machimbo ya zamani huenda lina zebaki, usilichome motoni. Ukifukua kitu kinachofanana na bomu, acha hapohapo, ondoka na utoe taarifa. Angalia nyoka kabla ya kuingiza mkono. Fukia ulichochimba. Na picha ya ulichopata usiirushe mtandaoni siku hiyohiyo, kwani simu nyingi huhifadhi ndani ya picha mahali ilipopigwa.