Somo: kuvunja maneno ya Kiingereza kwa mizizi ya Kilatini

Ukikutana na neno "someka" hufungui kamusi. Unaiona -som-, unaiona -ek-, yameisha. Msomaji, somo, somesha, usomaji, wote ukoo mmoja. Kiingereza nacho kina koo za namna hii, ila mizizi mingi ni ya Kilatini, na mingi ilipitia Kifaransa baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066.

Hatua ya 1. Anza na maneno unayoyajua. Andika inspect, respect, spectator. Kinachojirudia ni spect, yaani kutazama.

Hatua ya 2. Badilisha kiambishi awali, mzizi uuache. In- ni ndani: inspect, kutazama ndani, kukagua. Pro- ni mbele: prospect, tarajio. Re- ni nyuma au tena: unayemheshimu humgeukia ukamtazama tena. Ninayoipenda kuliko zote ni suspect. Hapo sub-, chini, imebaki su- tu. Kumshuku mtu ni kumtazama chini chini!

Hatua ya 3. Zoea viambishi vinavyojigeuza. In- ya kukanusha huwa im- kwenye impossible, il- kwenye illegal, ir- kwenye irregular. Usilalamike. Sisi wenyewe twasema nyumba mpya, nyumba mbaya, nyumba ndefu, na ulimi ndio unaotafuta wepesi.

Hatua ya 4. Angalia mkia. -or ni mtendaji, -ion ni jina la tendo, -able ni "-nayoweza kutendwa". Inspector na inspection ni kama msomaji na usomaji.

Hatua ya 5. Mzizi mmoja kwa wiki unatosha. Baada ya spect chukua port, kubeba, kisha dict, kusema, kisha script, kuandika. Niliwahi kukariri orodha ndefu ya mizizi kwa mkupuo; sikubaki na hata robo yake.

Maswali

— Mwalimu, ped ni mguu, kama pedal na pedestrian. Mbona pediatrician ni daktari wa watoto?

Hiyo ped nyingine imetoka Kigiriki, pais, mtoto. Waingereza huandika paediatrician, na ile ae inakuzindua.

— Inflammable ni kitu kisichoshika moto, sivyo?

Sivyo, na kosa hili laweza kukuunguza. In- hapa haikanushi; inatoka kwenye inflammare, kuwasha moto. Ndiyo maana lebo nyingi siku hizi huandikwa flammable. Kisichoshika moto ni non-flammable.

— Shikamoo mwalimu. Nitajuaje kama ni mzizi kweli au herufi zimefanana tu?

Marahaba. Ondoa kiambishi uone kinachobaki. Unhappy inabaki happy. Uncle inabaki cle, sasa hiyo ni nini? Ila spect nayo haisimami peke yake, kwa hiyo ukikwama fungua kamusi kubwa, usome sehemu ya asili ya neno.